Siku Ujiji Iliposhusha Mapazia

Nimewaona, nyinyi vijana mliochukua nafasi zetu. Mnaingia sokoni na fulana zenye maandishi mgongoni, kishikwambi mkononi, na mkifika mbele ya meza ya mtu neno la kwanza ni "Leseni." Shikamoo hakuna, habari za nyumbani hakuna. Halafu mnarudi ofisini mkilalamika kwamba watu wa Kigoma ni wagumu. Watu wa Kigoma si wagumu hata kidogo. Wagumu ni nyinyi, na leo nawaambia waziwazi kwa sababu nimestaafu na hakuna wa kunihamisha.

Nilikuwa afisa afya upande wa bidhaa. Mpaka leo nikipita soko la Mwanga kununua nyanya wananiita Bibi Afya, na wengi hawajui kama nina jina lingine. Kazi yangu ilikuwa hivi: serikali ikipiga marufuku kitu kwa sababu kinadhuru watu, mimi ndiye niliyetumwa kumwambia mwenye duka kwamba kile alichouza jana huku akipiga mluzi, leo ni kosa. Jaribu wewe kumwambia mtu hivyo, halafu uondoke na urafiki wenu ukiwa mzima. Inawezekana. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nywele zimekuwa nyeupe na sijawahi kumwagiwa hata kikombe cha maji. Mara moja tu nilitupiwa ndizi, lakini ilikuwa mbivu, nikaila.

Aliyenifundisha kuongea na watu hakuwa afisa mwenzangu. Alikuwa Mzee Bihemo, dereva wa ile pikapu yetu yenye spika juu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mtangazaji wa ofisi. Sauti yake ilijulikana kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji. Chanjo alitangaza yeye, maji yakikatika alitangaza yeye, mtoto akipotea, msiba ukitokea, ni yeye. Watu walisikia spika ikikohoa tu, wakazima redio zao wamsikilize.

Wiki yangu ya kwanza kazini aliniona nikitoka duka moja mikono mitupu, nimenuna. Akaniambia, "Binti, wewe umesalimia kama unayekimbia mvua. Huku salamu ni ndefu. Ukishamsalimia mtu kwa Kiha, mwakeye, uliza mama mzazi, uliza shamba, uliza yule aliyekuwa anaumwa mguu. Mtu asiye na neno atakujibu yote, na ataongeza. Aliyeficha kitu atakujibu haraka haraka ili uondoke. Huyo ndiye wa kukaa naye."

Sijapata kipimo kingine kizuri kama hicho. Nilipokuwa nikisaka yale mafuta ya kuchubua ngozi, yanayovuka ziwa kutoka ng'ambo ndani ya magunia ya vitenge, niliingia duka la dada mmoja pale Mwanga. "Salama, salama, wote salama, karibu tena," akanijibu, na hata sijauliza. Nikavuta kigoda nikakaa. Nikamuuliza mama yake, shangazi yake, mjomba wake wa Kasulu. Nilipofika kwa binamu, mguu wake ukahama kidogo, nikaona boksi alilokuwa amelikanyaga. Lilijaa makopo ya mafuta, yenye picha ya mwanamke mweupe pe.

"Hayo ni ya viatu, Bibi Afya," akasema.

Nikamnyooshea mguu. "Vizuri, maana changu kimepauka. Nipake."

Akakitazama kiatu changu, kilichokuwa na matope ya tangu asubuhi. Akalitazama kopo, ambalo lilikuwa ghali kweli. Akaanza kucheka mwenyewe, akalisukuma boksi lote kwangu. Tukakaa pale nikamweleza dawa iliyomo humo inavyoifanya ngozi ishindwe kushika hata mshono wa daktari, na mwisho akavua glavu alizokuwa amevaa, akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vyeusi kwenye viungo na vyekundu kwingine. Nilimwonea huruma. Siku hizi anauza sabuni za mawese na ngozi yake imetulia.

Na jambo jingine mlijue mapema: kila marufuku inakuja na swali ambalo waliokaa kuiandika hawakuliwaza. Mifuko ya plastiki ilipokatazwa nilikwenda Ilagala kuwaeleza wavuvi. Nikasema yote vizuri, nikajipongeza moyoni. Mvuvi mmoja mzee akanyoosha mkono. "Mwanangu, simu yangu huwa naifunga kwenye mfuko nikienda ziwani, isilowe. Na wenyewe umekatazwa?" Nikamwambia sheria inahusu mifuko ya kubebea mizigo. Akafikiri. "Simu yangu ina mikopo ya watu watatu inayonidai. Huo si mzigo?" Kijiji kizima kiliangua kicheko, na mimi nikasema nitakwenda kuuliza. Msione haya kusema mtakwenda kuuliza. Nilikwenda, nikauliza, nikarudi na jibu, na tangu hapo Ilagala nilikuwa nikipewa sato.

Sasa nifike kwenye nguo.

Marufuku iliyonipa raha na tabu kuliko zote ni ile ya nguo za ndani za mitumba. Chupi, sidiria na jamaa zake. Naliandika neno hilo bila kupepesa kwa sababu ndilo jina lake, na kwa sababu mkasa wote ninaotaka kuwasimulia ulitokea pale lilipokosa kutajwa.

Sababu ya kuzikataza mnaijua, au mngepaswa kuijua. Nguo iliyokaa kwenye ngozi ya mtu usiyemfahamu, ikabanwa ndani ya belo na unyevu wake, ikasafiri majini na kwenye mabehewa, inafika hapa na fangasi na upele. Nimewaona akina mama zahanati wakijikuna juu ya kanga na kuona aibu kumwambia daktari wanawashwa wapi. Lakini wauzaji walikuwa mafundi. Walizifua, wakazipiga pasi, wakazikunja juu ya kadibodi, wakazivika karatasi ya kung'aa. Ungeapa zimetoka kiwandani.

Msitazame rangi. Shika mpira wa kiunoni, vuta, achia. Mpira mpya unarudi na kukuchapa kidole. Uliokwisha kuvaliwa unarudi taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha geuza nguo nje ndani, tazama mishono juani. Na vaeni glavu, jamani. Mwenzetu mmoja alijifanya shujaa, akapekua belo zima kwa mikono mitupu, mwezi mzima alikuwa akisalimia watu kwa kutikisa kichwa.

Tangazo lililetwa na mkuu wetu, Bwana Mwakalinga, mtu wa Mbeya, mpole, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Lilisema kwamba nguo za ndani za mitumba, yaani chupi, sidiria na nyinginezo za aina hiyo, ni marufuku kuuzwa. Mwenye nazo azisalimishe kwa hiari ofisini hadi Ijumaa mchana, na Jumamosi asubuhi zitateketezwa dampo mbele ya wananchi. Mzee Bihemo akalisoma mbele yetu kwa sauti ndogo, akakohoa, akalikunja, akalitia mfuko wa shati.

Alianzia Mwanga, akaenda Katubuka, akaenda Buzebazeba. Kote huko alilisoma neno kwa neno. Watoto walikimbia nyuma ya gari wakirudia lile neno kwa furaha mpaka mama zao wakawaita ndani. Kisha akashuka Ujiji.

Ujiji ndiko alikooa. Mama mkwe wake, Bi Mwajuma, alikuwa na meza ya mapazia na mashuka ya mitumba hatua chache kutoka sokoni, na wateja wake walikuwa wanatoka mpaka Mwanga, kwa sababu alijua kuchagua. Sasa sikilizeni. Mzee Bihemo ni Muha wa upande wa Kasulu, wa ile jamii inayoshika mila mpaka leo. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani. Akienda kumsalimia, yeye hukaa barazani, Bi Mwajuma chumbani, na mkewe husimama mlangoni akipitisha maneno. "Anasema hajambo." "Mwambie nashukuru." "Anasema anashukuru." Na kila mmoja ameshamsikia mwenzake vizuri kabisa. Bi Mwajuma ni mtu wa hapo hapo Ujiji na kwao hawakuwa wakali hivyo, lakini alipompata mkwe mwenye heshima kiasi hicho aliifurahia mila yake, akaishika kuliko mwenyewe.

Basi pikapu ikaingia mtaa ule. Mzee akamwona mama mkwe amekaa mbele ya meza yake, ushungi umefunika nusu ya uso, ametega sikio. Akasoma mpaka kwenye "yaani." Ulimi ukagoma.

Kilichotoka kwenye spika, kama nilivyosimuliwa na watu wengi na wote wakakubaliana, ni hiki: "Nguo zile za ndani... zile za kusitiri... ambazo zimekwisha kutumika... ni marufuku. Zinaleta magonjwa ya ngozi. Mwenye nazo azisalimishe." Akakanyaga mafuta, akapotea. Mitaa yote ya Ujiji iliyobaki akaisomea hivyo hivyo, maana alishaona maneno hayo yamepita salama.

Sasa wewe jifanye mtu wa Ujiji. Kitu kiko ndani. Kinasitiri. Kimetoka mitumba. Ni kitu gani?

Mimi sikujua lolote. Siku zile zote nilikuwa Mwanga na Katubuka nikivuta mipira na kuachia. Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, nikashuka Ujiji kumsalimia shangazi yangu. Nikapita mtaa wa kwanza nikahisi kuna kitu kimepungua, nisijue nini. Mtaa wa pili nikajua. Milango ilikuwa mitupu. Nyinyi mnajua milango ya Ujiji, ipo wazi mchana kutwa na pazia ndilo linalotenga barabara na chumba. Siku ile niliona vitanda vya watu. Niliona mzee mmoja na msuli wake, anakula ugali amegeukia ukutani kwa aibu. Niliona bibi harusi mpya amekaa nyuma ya meza iliyosimamishwa wima. Shangazi yangu mwenyewe nilimkuta akigongomelea mkeka wa kulalia kwenye fremu ya mlango.

"Shangazi, pazia lako liko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye wa afya?" Alikuwa na misumari mdomoni. "Serikali imeyakataa. Yana upele. Tangu atangaze Bihemo hata mgongo umeanza kuniwasha."

Na hapo nje, jamani, kijana mmoja alikuwa ametandaza chupi za mitumba kwenye turubai, nyingine amezining'iniza kwenye kamba zinapepea. Aliponiona hakukimbia. Alinikaribisha. "Mama, chagua, saizi zote zipo. Usiogope, kilichokatazwa ni mapazia tu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shangazi akanisubiri nimalize, halafu akasema, "Bi Mwajuma yeye hakucheka. Amepeleka mzigo wake wote. Hata lile belo lililoshuka na treni juzi, hajalifungua, amelipeleka na mikanda yake."

Kicheko kikaniisha. Bi Mwajuma alikuwa mjane. Meza ile ndiyo iliyokuwa inamweka mjini, na belo lile ndilo lilikuwa mtaji wake wote. Nikaenda kwake mbio mbio.

Nilimkuta amekaa sebuleni pasipo na kitu, mikono mapajani. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Utanisamehe nyumba iko uchi."

"Mama, ofisini umesalimisha nini?"

"Nguo za ndani. Kijana wenu wa mapokezi mzuri sana. Ameniuliza, mama, ni za ndani kweli? Nikamwambia za ndani tupu, za nje siuzi. Akaniuliza zimetumika? Nikamwambia zimetumika huko Ulaya. Mizigo tumeipeleka imefungwa, na yeye kwa haya hakufungua wa mtu yeyote. Akasema mimi ni raia wa mfano."

Nikasogea, nikamnong'oneza sikioni lile neno. Akajitupa nyuma.

"Astaghafirullah! Mkwe wangu hakusema hivyo."

"Alikusudia hivyo, mama. Kwenye karatasi ndivyo ilivyoandikwa. Aliona haya kwa sababu yako."

Nilidhani amenielewa, na kweli alikuwa amenielewa, kuliko nilivyotaka. "Basi kama ni hivyo," akasema, "nikienda kudai mzigo wangu nitakuwa nimesema nini? Kwamba mkwe wangu ametangaza kisicho kweli mtaani kwangu. Amenistahi mimi, halafu mimi nimwaibishe yeye? Kesho nitakwenda dampo na wenzangu, nitatazama yakiungua, nitarudi nyumbani."

"Mama, ni mtaji wako wote."

"Mtaji nitatafuta. Mkwe ninaye huyo mmoja." Akafuta macho kwa ncha ya ushungi, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Sikunywa. Nilitoka pale roho inaniuma, na hasira juu, nikapanda bajaji mpaka Buzebazeba kwa Mzee Bihemo. Alikuwa uani anapangusa spika kwa kitambaa.

"Mzee, Ujiji ulisema nini?"

Hakuinua uso. "Nilisema kiungwana."

"Uungwana wako umeuvua mji nguo. Watu wamekaa uchi kwenye nyumba zao." Nikamsimulia kila kitu, milango, mkeka wa shangazi, yule kijana na kamba zake. Akaanza kutabasamu. Nilipofika kwenye belo la mama mkwe, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi.

"Belo la mama?"

"Liko kwenye rundo. Kesho linaungua. Na hatakwenda kulidai, anasema hawezi kukuaibisha."

Nikampigia simu Bwana Mwakalinga pale pale. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Bibi Afya, naamini unachosema. Lakini huyu ni mkwe wa mtumishi wetu. Nikilitoa belo lake kimyakimya usiku huu, kesho mji mzima utasema tumependelea. Na wale wengine walioleta mapazia yao je? Mwenye kutangaza atengue mwenyewe, mbele ya watu. Nitampa nafasi kabla ya moto." Nilitaka kubishana naye, nikaona hana kosa.

"Nitasema mimi," nikamwambia Mzee Bihemo. "Nipe spika tu."

Akatikisa kichwa. "Ukisema wewe, watasema Bibi Afya amempinga Bihemo. Mama hatachukua mzigo wake kwa maneno ya kunipinga. Mpaka nilitamke mimi. Na yeye akiwepo." Akakisokota kile kitambaa. "Binti, bora ungeniambia niogelee mpaka Kongo." Sikumbembeleza. Niliondoka bila kujua atafanya nini, na usingizi niliulala kwa vipande.

Asubuhi dampo lilikuwa limejaa watu. Rundo lilikuwa refu kunizidi, na karibu lote lilikuwa la maua, milia na lesi: mapazia ya Ujiji nzima, mashuka, vitambaa vya makochi. Chupi zilikuwa gunia dogo pembeni, zile nilizokamata Mwanga. Belo la Bi Mwajuma liliwekwa chini kabisa ili lishike moto vizuri. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imeshaanza. Watu wa Ujiji walisimama kimya kama walioletwa kwenye mazishi, na upande wa kivuli, Bi Mwajuma alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli. Binti yake, mke wa Mzee Bihemo, alisimama nyuma yake.

Bwana Mwakalinga akasema maneno machache ya utaratibu, kisha akasema mtangazaji atarudia tangazo kwa ukamilifu. Mzee Bihemo akashuka kwenye gari. Alikuwa amevaa shati jipya na kofia ya sikukuu. Akaikunjua karatasi, nikaisikia ikikwaruza kwenye spika.

"Nguo za ndani za mitumba," akasoma. "Yaani."

Akasimama. Kunguru wakawa wanalia juu ya taka. Akautazama ule mwavuli, akatazama chini haraka. "Yaani," akasema tena. Jasho likamtoka. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Yaani nini?" Mwenye kiberiti akakitikisa kuona kama kina njiti, na nadhani ni ule mlio uliomwamsha. Mzee Bihemo akageuka, akampa mama mkwe mgongo, ndiyo heshima pekee iliyokuwa imebaki, akavuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"CHUPI!"

Spika ikapiga yowe. Mlima wa nyuma yetu ukalirudisha lile neno, taratibu, lote.

"Chupi! Chupi na sidiria! Si mapazia! Si mashuka! Pazia halina kosa lolote na serikali! Ni mimi Bihemo niliyeogopa kulitaja! Kila aliyeleta pazia ameleta kwa kunisikia mimi, na mama yangu amepoteza mali yake kwa kunisikia mimi! Naomba radhi! Chupi!"

Nilimtazama Bi Mwajuma, na nawaambia kweli, niliogopa. Mwavuli ulikuwa unatikisika. Nikadhani analia. Kisha mwavuli ukaanguka, tukamwona ameshika mbavu, mdomo wazi, anacheka, anacheka mpaka binti yake akamshika asianguke na kigoda. Alijaribu kunyamaza, akashindwa, akaanza tena. Alipopata pumzi akaongea mwenyewe, bila mtu wa kupitisha maneno, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia.

"Mkwe wangu! Hizo hata ukinipa bure sizitaki! Nipeni mapazia yangu nikauze!"

Hapo dampo likalipuka bila kiberiti. Watu walicheka wakikumbatiana. Bwana Mwakalinga alivua miwani akaifuta mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Tulilivuta belo kutoka chini, tukakata mikanda mbele ya kila mtu, yakamwagika mapazia ya kijani na ya dhahabu, mapya kabisa kwa macho, na wanawake watatu walishaanza kuuliza bei kabla hayajagusa ardhi. Wengine waliingia kwenye rundo kutafuta yao, na nilitumia saa nzima kuamua ugomvi wa lesi mbili zinazofanana. Yule kijana wa turubai alikuja nyuma yangu na gunia lake, akaliweka chini polepole. "Kumbe ni sisi," akasema. Nikampokea vizuri. Ungemfokea huyo? Tangazo alilosikia alikuwa amelitii.

Nyinyi mtapewa marufuku zenu, na nyingine zitakuwa za vitu ambavyo leo tunavipenda. Mkipeleka habari kwa watu, kitajeni kitu kwa jina lake, hata kama masikio yatawaka moto. Mkiona mdomo umegoma, mtafuteni mwenzenu awasaidie kulitamka, mradi litamkwe. Mengine yote, sheria na faini na mihuri, mtafundishwa na wenye vyeti.

Tulipomaliza nilipanda pikapu kurudi na Mzee Bihemo. Alikaa nyuma ya usukani, ufunguo mkononi, hakuwasha gari. Mbele yetu Bi Mwajuma alikuwa anapandisha mzigo wake kwenye mkokoteni, bado anajifuta machozi ya kicheko, bega kwa bega na binti yake.

"Mzee, bado unaona aibu?"

"Aibu ninayo nyingi," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Lakini Bibi Afya, nimemuoa binti yake tungali vijana, na leo ndiyo mara ya kwanza namsikia mama akicheka." Akawatazama wale wanawake wawili mpaka mkokoteni ukaondoka. "Kumbe anacheka kama mke wangu."